Buti Begani mwa Dereva

Sehemu ya Tisa

Barua zenu nimezipata. Wengi mmeapa kwamba aliyeufungua mlango wa gereji Jumamosi iliyopita ni Inspekta Corless. Bibi mmoja wa Machakos ameandika kurasa mbili nzima kunihakikishia kuwa ni Syokau, mkewe Kaloki, amemletea mumewe isyo, mahindi ya kuchemsha na maharagwe. Nyote mmekosa, na huyo bibi amenitia njaa bure.

Aliyeufungua alikuwa Bwana Stefano, mwenye gereji, na mkononi alishika nyundo.

Kaloki Ndeti alikuwa bado amepiga magoti kando ya pipa la grisi, mkono mweusi hadi kiwiko. Katika kiganja chake ililala nyota ndogo ya dhahabu yenye utepe mwekundu. Ilikuwa saa saba mchana. Mafundi wengine walikuwa wamekwenda kula River Road.

Bwana Stefano akafunga mlango. Akatia komeo.

"Kaloki. Wewe natafuta nini ndani ya grisi yangu?"

Uongo hutaka matayarisho, na Kaloki hakuwa na wakati wa kujitayarisha. Kweli ikamponyoka.

"Natafuta kitu ya kumtoa Wainaina, bwana."

Kwa aliyekosa magazeti ya nyuma: Wainaina ni fundi mwenzake Kaloki, miaka sita wamelala chini ya magari pamoja. Alizolewa katika ule msako mkubwa wa Aprili, Wakikuyu walipopakiwa kwenye malori mjini kote. Sasa yuko nyuma ya seng'enge, na Jumatatu ataingizwa gari-moshi la kwenda kambi za mbali. Na aliyemtuma nje asubuhi ile ni Kaloki. "Kimbia dukani ulete gasketi," alimwambia, "utarudi chai haijapoa." Chai ikapoa, na tangu siku hiyo Kaloki hajapata usingizi wa maana.

Ndipo Inspekta Corless alipomwita pembeni. "Niletee kitu cha kuonyesha kwamba tajiri wako si Mpolandi bali ni Mrusi," alimwambia, "na Wainaina atakula kwake jioni hiyo hiyo. Tafuta kwenye grisi."

Haya yote Kaloki aliyamwaga pale sakafuni, bila kupumua.

"Nani aliambia Inspekta habari ya grisi?" akauliza Bwana Stefano.

"Sijui, bwana. Haki ya Mungu sijui."

"Mtu moja tu aliona mimi. Siku ya Pasaka mimi nafungua pipa, yeye napita mlangoni. Hapana sema kitu."

"Nani huyo?"

Bwana Stefano aliiweka nyundo chini, akakaa juu ya tairi kuukuu kama mtu aliyetoka safari ndefu.

"Wewe askari ya Burma. Jeshi ya Keya iko miaka ngapi?"

"Minne, bwana. Nilikuwa dereva ya kigari ile ya minyororo."

"Basi wewe tafahamu. Keti."

Wasomaji wangu, Kiswahili cha Bwana Stefano kilikuwa kimeungwa kwa waya na misumari. Nikikiandika chote kama kilivyo, gazeti litajaa kabla hatujafika Riruta. Niachieni niwanyooshee.

Jina lake halikuwa Stefano. Aliitwa Matvei Rudakov, kapteni wa vifaru katika jeshi la Warusi. Kabla ya vita alikuwa akiendesha trekta. Vita vilipoanza wakubwa wakamwambia kifaru ni trekta yenye mzinga, asiwe na wasiwasi. Alipogundua kwamba walimdanganya, vifaru viwili vilikuwa vimekwisha kuungua naye ndani.

"Mlikuwa watu ngapi kwa kifaru moja?" akauliza Kaloki. Alikuwa amesahau kwamba amefumaniwa. Askari mzee haponi ugonjwa wa kuuliza.

"Wanne. Mimi juu, natazama kwa tundu. Chini ya miguu yangu, dereva. Grisha. Mtu mfupi, na mwimbaji mbaya sana."

"Mnaongea na simu?"

"Simu ilikufa siku ya kwanza. Injini inanguruma, mzinga unalia, hata ukimpigia mtu kelele sikioni hasikii. Kwa hiyo mimi nilikuwa naongea kwa buti."

Akamketisha Kaloki sakafuni, yeye akasimama nyuma yake. Buti ikatua bega la kushoto la Kaloki. "Hii, kushoto." Ikahamia la pili. "Hii, kulia." Ikamgusa katikati ya mgongo. "Twende." Kisha kisigino kikamgonga utosini, taratibu. "Simama."

Kaloki akashtuka. Miaka sita alikuwa akimwona bwana huyu akiwa abiria ndani ya lori, mguu ukimchezacheza kila walipokaribia kona. Kaloki alidhani ni ugonjwa wa mishipa. Syokau alisema ni pepo na akashauri aombewe.

"Na hii nyota ulipewa ya nini?"

"Daraja. Mto mkubwa, na Wajerumani ng'ambo. Vifaru vitano, watu ishirini. Tulilishika siku mbili. Tulibaki saba. Jenerali akanibusu mashavu yote mawili, akanipachika nyota. Nikamwuliza, na Grisha je? Akasema, Grisha ni dereva."

Kaloki akacheka kwa uchungu. Majenerali hao hao alikuwa amewaona Burma, rangi tofauti tu ya kofia.

"Na buti zote mbili, mabega yote mawili, pamoja? Hiyo ni nini?"

Aliuliza kwa sababu fundi hupenda kujua kazi ya kila swichi. Lakini uso wa Bwana Stefano ulibadilika.

"Hiyo ni, toka, niache. Niliitoa mara moja tu. Kifaru kimeshika moto, mguu wangu umebanwa, na mlango wa dereva uko wazi mbele yake. Nikambonyeza mabega yote mawili. Grisha akakataa. Akageuka, akanikata buti kwa kisu. Mimi nikatoka. Yeye hakutoka."

Bati la paa likalia kwa manyunyu. Kaloki alimhurumia mtu huyu mpaka akaona hasira, maana yeye mwenyewe alikuwa ametaka kumwuza.

Yaliyobaki Bwana Stefano aliyamaliza haraka. Wajerumani walimkamata na majeraha yake. Akawatoroka. Lakini kwao Urusi, ofisa aliyekamatwa akiwa hai huhesabiwa msaliti, na anayerudi husimamishwa ukutani apigwe risasi. Mpolandi mmoja, Stefan, alifia mikononi mwake, akamwachia jina na karatasi. Kwa jina hilo akaja Afrika pamoja na wakimbizi wa Poland, akafungua gereji, akanyamaza, maana serikali ya hapa ikimjua itamrudisha kwao.

"Nyota hii kwa nini hukutupa, bwana? Itakuua."

"Nusu ni ya Grisha. Mimi nitatupaje kitu ya mtu?"

Kisha akasimama, akajifuta mikono kwa kitambaa.

"Wainaina ni rafiki yako. Yangu pia. Peleka nyota kwa Inspekta."

"Bwana..."

"Peleka."

Kabla Kaloki hajajibu, honi ikalia uani. Mara mbili, kwa adabu. Kaloki akaitia nyota katika mfuko wa kifuani wa ovaroli yake, grisi na yote, akafungua mlango.

Inspekta Corless alikuwa akishuka kwenye Land Rover. Alikuwa mwembamba, mpole, na Kiswahili chake kilikuwa safi kuliko cha Kaloki. Ndicho kilichotisha.

"Hamjambo? Nimekuja kulijaribu gari langu."

Gari lenyewe lilikuwa gari la deraya, limevishwa chuma kutoka juu mpaka chini, lina tundu la mtu kusimama juu na kiti cha dereva chini ya tundu hilo. Wiki nzima walikuwa wakilifungua injini.

"Kaloki ataendesha," akasema Inspekta. "Bwana Stefano, wewe simama juu utuongoze. Mimi nitaketi nyuma, chini kabisa."

"Simu ya ndani haifanyi kazi, afande," akasema Kaloki.

"Najua. Niliing'oa mimi." Akatabasamu akimtazama Bwana Stefano. "Wakati wa vita nilipeleka vifaru vyetu kwa Warusi, nikakaa nao majira ya baridi yote. Watu wa ajabu sana. Waliendeshana kwa mateke."

Mtego huo hata kipofu angeuona. Lakini mtego kuuona si kuuepuka, na mwenye gari alikuwa amekwisha kuingia.

Wakatoka. Wakapita Delamere Avenue, watu wakiwapisha, wakashika Sclaters Road kuelekea magharibi. Land Rover ikawafuata nyuma. Manyunyu ya Juni yalikuwa yakianguka. Injini ilinguruma ndani ya chuma kile mpaka meno ya Kaloki yakagongana.

Buti za Bwana Stefano zilikuwa pale pale, inchi nne kutoka masikioni mwa Kaloki. Zilisimama wima. Hazikucheza. Kona ya kwanza ikaja, zikatetemeka kidogo, zikatulia. Kona ya pili, zikatulia. Kaloki alihisi jasho linamshuka mgongoni, na nyuma yake alijua kuna macho mawili yasiyopepesa.

"Vumilia, bwana," alinong'ona, ingawa hapana mtu angeweza kusikia. "Maili nne tu."

Wakaingia barabara ya Naivasha. Hapo lami ikaisha, udongo mwekundu ukaanza. Lori la mkaa likaja kwa kasi kutoka Riruta, likawapita karibu mno, likawarushia tope zima zima. Tope likafunika mwanya mdogo wa Kaloki wa kutazamia.

Kaloki akawa kipofu, na gari linashuka mteremko.

Akakanyaga breki kidogo, gari likateleza. Akaacha. Akiifunga breki kwa nguvu watapinduka. Asipoifunga hajui kilicho mbele. Alipapasa kitambaa, hakukiona. Juu, Bwana Stefano alipiga kelele, lakini kelele hiyo ilimezwa na injini.

Aliyekuwa mbele alikuwa mama mmoja aliyetoka sokoni na gunia la viazi mgongoni, ukanda kichwani. Alikuwa ameteleza akaanguka katikati ya barabara, na mzigo umemlalia.

Ni Bwana Stefano peke yake aliyemwona. Alijua aliyeketi nyuma anangoja nini. Alijua pia ukuta ule wa kwao na risasi zake. Mtu angefikiri angesitasita, lakini hakusitasita hata kidogo.

Buti ikagonga bega la kushoto. Kushoto! Kaloki akakata usukani. Ikagonga la kulia. Kulia, kidogo! Kisha kisigino kikamshukia utosini kwa nguvu mpaka akaona nyota nyingine. Simama!

Kaloki akakanyaga klachi na breki kwa miguu yote miwili. Gari likaserereka, likakaa mshazari barabarani, likasimama.

Mama yule alikuwa dhiraa moja kutoka kwenye bampa. Alijikwamua, akaokota viazi vyake kimoja kimoja, na kila kiazi akakisindikiza na tusi. Kisha akaenda zake.

Ndani ya gari, Inspekta Corless alicheka taratibu.

"Kapteni," alisema, "hujambo?"

Inspekta akafungua mlango wa nyuma, akazunguka mpaka upande wa dereva, akaufungua mlango wa Kaloki. Injini ilikuwa bado inanguruma chini chini. Akainama.

"Umeona mwenyewe, Kaloki. Kushoto, kulia, simama. Sema tu kwamba hukumfundisha wewe, na Wainaina yuko huru."

Neno moja lilitosha. Neno lenyewe lilikuwa kweli. Kaloki alimfikiria Wainaina nyuma ya seng'enge, na gasketi, na chai. Kisha alimfikiria mama wa viazi.

"Mimi ndiye nilimfundisha, afande."

"Wewe?"

"Burma, bomu ilipasuka karibu na sikio yangu. Hii ya kulia ni ya mapambo tu. Kwa kigari yetu sajini alikuwa ananigusa na mguu. Nikamwambia bwana, ukiwa na mimi kwa gari, usisumbuke kuita. Gusa tu."

Alilisema bila kupepesa. Lakini ndani aliumia kama mtu aliyemsukuma ndugu yake mtoni, maana alijua gari-moshi la Jumatatu limepata abiria wake.

Inspekta akamtazama sikio la kulia, kisha la kushoto. "Masikio yako yote mawili ni mazima, Kaloki. Lakini haidhuru. Ninaye mtu anayewajua vizuri nyinyi wawili."

Akapunga mkono. Mlango wa Land Rover ukafunguliwa, askari wawili wakamshusha mtu aliyevikwa gunia kichwani, lenye matundu mawili ya macho.

Magunia yale Nairobi nzima iliyajua. Siku ya msako watu walipitishwa mbele yake kwa mstari. Gunia likiinama, mtu amekwisha, na hajui ni nani aliyemmaliza.

"Sikiliza," Inspekta akaliambia gunia. "Dereva huyu anasema ndiye aliyemfundisha tajiri wake ishara za mguu, kwa sababu ya sikio bovu. Kama ni uongo, tikisa kichwa, ukalale kwako leo. Kama ni kweli, itika."

Kaloki aliangalia mikono ya mtu yule. Alitaka kujua tu kama ni mikono ya mtu anayemjua. Akaona kidole gumba cha kushoto, ukucha umepasuka katikati kama ukwato wa mbuzi. Jeki ya lori la Bedford ndiyo iliyoupasua, mwaka wa kwanza wa gereji, na aliyekifunga kitambaa ni Kaloki.

Wainaina.

Basi ni yeye aliyepita mlangoni siku ya Pasaka. Ni yeye aliyesema habari ya grisi. Lakini msimhukumu mtu huyo upesi, wasomaji. Nanyi kaeni kwanza nyuma ya seng'enge wiki saba, mvua yenu na njaa yenu, ndipo mniandikie barua.

Matundu mawili ya gunia yalimtazama Kaloki. Yakapanda juu, yakamtazama Bwana Stefano. Yakarudi.

Gunia likainama. Ndiyo.

"Nini?" akasema Inspekta.

"Ni kweli, afande," sauti ikatoka ndani ya gunia, imekauka. "Sikio yake ni mbovu. Gereji nzima tunajua. Mkewe mpaka anamwita kwa kumtupia kijiko."

"Fikiri vizuri. Jumatatu ni kesho kutwa."

"Nimefikiri, afande."

Kwa mara ya kwanza upole wa Inspekta ulipasuka. Alilishika gunia, akaling'oa. Wainaina akafumba macho kwa mwangaza. Alikuwa amekonda, shavu limeingia ndani, ndevu zimemtoka hovyo. Hakumwangalia Kaloki usoni, na Kaloki alijua ni aibu.

"Mrudisheni," akasema Inspekta. "Na aingie behewa la kwanza."

Askari wakamvuta. Alipofika mlangoni mwa Land Rover akageuka ghafula, akaita kwa nguvu, kama kwamba kweli anaita kiziwi:

"Kaloki! Ile gasketi nilinunua! Iko chini ya kiti ya baiskeli yangu, pale kwa duka!"

Mlango ukamfungia. Kaloki akaushika usukani kwa mikono yote miwili asije akalia mbele ya mzungu. Hata hivyo alilia.

Inspekta Corless alirudi taratibu, upole wake ameuvaa tena. Akainama mlangoni pa dereva, akaweka mkono juu ya chuma.

"Umenishinda, Kaloki. Nyinyi watu watatu mmenishinda, na sina aibu kukiri. Pangusa machozi, turudi mjini."

"Ndiyo, afande."

"Lakini kwanza niambie jambo moja dogo." Macho yake yalikuwa yametulia kifuani mwa Kaloki, na mkono wake wa kulia ulikuwa ukishuka kiunoni, kwenye bastola. "Mfuko wako unavuja grisi. Una nini humo?"

Kaloki akatazama chini. Doa jeusi lilikuwa limeenea juu ya ovaroli, na katikati ya doa, kitambaa kilikuwa kimegandamana na kitu kilicho ndani. Pembe tano zilionekana wazi, kama zimechorwa.

Mlango wa nyuma ulikuwa wazi. Ng'ambo ya barabara mahindi yalikuwa yamesimama marefu, kutoka Riruta mpaka Dagoretti.

Ndipo, kutoka juu, buti mbili zikashuka polepole, kwa pamoja, zikatua juu ya mabega yote mawili ya Kaloki. Hazikugonga. Zilibonyeza tu, kwa upole, kama mikono ya mzazi.

Toka. Niache.

Grisha alikataa amri hiyo. Kaloki Ndeti naye akaikataa: akakanyaga klachi, akatia gia ya kwanza.